Waliniita Kura Kumi Siku Ambayo Sikupiga Hata Moja

Mtaani kwetu naitwa Kura Kumi.

Watoto wananiita hivyo, muuza mkaa ananiita hivyo, na juzi mama mkwe wangu alijisahau akaniita hivyo mbele ya wageni. Ukilisikia jina hilo utadhani mimi ni mwizi wa kura wa kutupwa, yule ambaye akikohoa tu masanduku yanajaa.

Sasa tuelewane kabla sijaanza. Siku niliyopewa hilo jina sikuwa nimepiga kura hata moja.

Kaa vizuri nikusimulie.

Mimi ni mchapaji. Siyo ule uchapaji wa ofisini wa kubonyeza kitufe ukasubiri karatasi itoke. Nachapa kwenye nguo: fulana, vizibao, kofia, mabango ya kitambaa.

Una fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi chenye vitundu. Unailaza juu ya fulana, unamwaga wino, unauvuta kwa mpira. Mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unashikilia fremu isicheze.

Fremu zetu zilikuwa zimechoka, zinavuja pembeni. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulikuwa unaoga wino kutwa nzima. Wa kulia nao ulikuwa hauponi, maana ndio wa kumwagia wino.

Glovu? Tuliomba. Bosi akasema glovu zinamfanya fundi apoteze hisia za kazi.

Huyo Bosi sasa.

Karakana ilikuwa yake, na udiwani wa kata yetu ulikuwa wake pia. Vipindi viwili alikuwa amekalia kiti, na cha tatu alikuwa anakitaka kwa udi na uvumba. Mtaani anaitwa Mheshimiwa. Karakanani tulimwita Bosi, ila msimu wa kampeni ukifika, na karakanani pia anageuka Mheshimiwa. Usipomwita hivyo anajifanya hajasikia.

Tulikuwa wafanyakazi wanne. Mzee wa Mashine ndiye aliyefanya kazi na Bosi kwa miaka mingi kuliko sote na ndiye aliyekuwa anachanganya wino. Mama Mkasi alikuwa anakata vitambaa na kukunja kazi zikikauka. Kimya alikuwa mpokea oda, na jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake haujawahi kupumzika tangu atoke tumboni. Wa nne mimi.

Msimu ule tuliishi ndani ya rangi ya zambarau. Ndiyo rangi ya Bosi. Mabango zambarau, fulana zambarau, leso zambarau. Mke wangu alikuwa anasema hata jasho langu linatoka zambarau, na hakuwa anatia chumvi sana.

Sasa sikiliza kilichokuwa moyoni mwangu, maana ndicho kilicholeta yote haya.

Mbele ya nyumba yangu kuna mtaro. Mtaro mpana, wazi, hauna mfuniko. Kila kampeni Bosi alikuwa anakuja kusimama pale pale ukingoni na kuahidi kuufunika, kisha anaruka upande wa pili na kwenda zake.

Mama mkwe wangu hakuweza kuruka.

Alitumbukia akitoka kununua sabuni. Nyonga ikavunjika. Tulimtoa mle watu watatu, amelowa maji machafu, na mimi nilikuwa nalia kama mtoto ingawa yeye mwenyewe hakutoa chozi. Aliyemhudumia ni nesi wa zahanati ya kata, ambaye baadaye alikuwa anakuja mpaka nyumbani kumfunga bandeji na kumfundisha upya kutembea.

Nilimwendea Bosi. Nikamweleza kwa adabu zote. Alicheka kidogo akaniambia, "Mwambie mama awe anaangalia anapokanyaga."

Nikarudi kwenye fremu yangu nikaendelea kuchapa sura yake. Ila nilichapa nikiwa nimekwisha kuamua.

Na Mungu naye ana mambo yake. Uchaguzi ulipotangazwa, yule nesi akachukua fomu. Nesi dhidi ya Bosi, wawili tu, uso kwa uso.

Kura yangu ilikuwa ya Nesi. Nilimwambia mke wangu peke yake, tena kwa kunong'ona. Bosi akijua, kazi sina. Na mkate wa nyumbani kwangu ulikuwa unatoka kwenye fremu ile ile inayovuja.

Kazini tukawa tunamsifu Bosi kwa zamu. Mzee wa Mashine akisema Mheshimiwa atashinda asubuhi mapema, Mama Mkasi anaitikia amina, Kimya anaongeza maneno hamsini juu yake, na mimi natikisa kichwa mpaka shingo inauma. Wanasema kuta zina masikio. Zetu zilikuwa na Kimya.

Nilikuwa naamini karakana nzima msaliti ni mimi tu.

Oda ya mwisho kabla ya kura ilitoka ofisi ya uchaguzi yenyewe. Vizibao vya wasimamizi wa vituo, vimeandikwa kifuani "Kura Yako, Sauti Yako". Ofisi ilitaka wino mweusi. Bosi akasema wino mweusi wa nini wakati zambarau imebaki ndoo nzima, kwani kura inapigwa kwa rangi?

Tukachapa zambarau sote wanne, hata Mama Mkasi na Kimya wakatia mikono, maana muda ulikuwa mfupi. Mzee wa Mashine akaongeza dawa ya kugandisha mara mbili ya kawaida, ili vikifuliwa visichuje. Wino ule ukigusa nguo, nguo inachakaa wenyewe unabaki. Kwenye ngozi ilikuwa hivyo hivyo.

Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikasugua kwa jiwe la miguu la mke wangu. Hola. Vidole vyote kumi, kuanzia kucha mpaka kwenye fundo, zambarau iliyokoza.

Sikujali. Nimezaliwa mtu wa kazi, mikono michafu haijawahi kunizuia kitu.

Siku ya kura Bosi alituruhusu asubuhi twende kituoni tukitokea nyumbani, kisha turudi kazini kesho yake na vidole vyenye alama. Alitaka kuviona kwa macho yake.

Mke wangu alitangulia alfajiri, mimi nikafuata. Kituo kilikuwa shule ya msingi ya hapo mtaani, darasa lenye madawati yaliyorundikwa ukutani na hesabu za wiki iliyopita bado ziko ubaoni. Foleni ilikuwa ndefu lakini nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa najiona mtu.

Msimamizi wa kituo alikuwa Mwalimu, mwalimu mkuu wa shule ile ile. Mtu wa kunyooka. Amefundisha nusu ya mtaa na bado anatutazama kama hatujakusanya daftari.

Nilipofika mbele nikatoa kadi. Mwalimu hakuitazama kadi. Alitazama mkono.

"Wewe umeshapiga."

Nikadhani anatania. Nikamwambia, "Mwalimu, ndiyo kwanza naingia."

"Kidole kina wino."

"Huu ni wino wa kazi. Angalia, viko kumi. Kwani nimepiga mara kumi?"

Nyuma yangu foleni ikaangua kicheko. Jamaa mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye Kura Kumi, mshikeni asije akarudi na vidole vya miguu." Hapo ndipo jina lilipozaliwa, na halijafa mpaka leo.

Mimi sikucheka. Nikamwomba Mwalimu afungue daftari la wapiga kura aone kama jina langu limewekewa alama. Akafungua. Halikuwa na alama. Moyo ukatulia.

Akalifunga.

"Karani anaweza kusahau kuweka alama," akasema. "Kidole hakisahau. Maelekezo niliyopewa ni kwamba mwenye wino kidoleni asipewe karatasi."

Wakati anasema hivyo, kifuani pake nasoma kazi ya mikono yangu. Kura Yako, Sauti Yako. Herufi ya K nilikuwa naikumbuka kabisa, ilivuja kidogo chini.

"Mwalimu," nikamwambia, "wino ulio kidoleni kwangu ndio huo ulio kifuani kwako. Mimi ndiye niliyekichapa hicho kizibao."

Akajitazama. Akanitazama. Nikaona kabisa ameelewa.

"Kifua changu hakipigi kura," akasema. "Anayefuata."

Nilitoka nje. Sijawahi kudhalilika hivyo, na nimedhalilika mara nyingi. Nimewachapia kata nzima maneno ya kuwaita wakapige kura, halafu maneno yale yale yananifukuza mlangoni.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani na fimbo yake. Yeye alikuwa hawezi kwenda kituoni, kwa sababu ya nyonga na kwa sababu ya mtaro. Akaniita, akashika mkono wangu wa kushoto, akakitazama kidole.

"Hongera mwanangu," akasema. "Umenipigia na mimi."

Nilishindwa kumwambia. Niliingia ndani nikamwambia mke wangu, naye akakaa kitandani akafunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia.

"Wewe ni kama mpishi wa harusi aliyelala njaa," akaniambia.

Jioni matokeo yakabandikwa.

Sare.

Hesabu ikarudiwa, ikawa sare. Ikarudiwa tena mbele ya mawakala wa pande zote, sare. Sheria ikasema kura za udiwani zirudiwe baada ya wiki tatu.

Sikula usiku ule. Kura yangu moja tu ingemaliza kazi. Kura moja, na ilikuwa imekaa kidoleni kwangu imeganda.

Kesho yake asubuhi Bosi aliingia karakanani macho mekundu. Akatupanga mstari kama wanafunzi.

"Vidole," akasema.

Tukanyoosha. Arobaini, vyote zambarau. Akapita anavitazama kimoja kimoja, hawezi kujua kipi ni cha uchaguzi na kipi ni cha kazi. Akauliza nani amepiga.

Kukawa kimya, isipokuwa Kimya. Ndiye aliyetoboa. Akaeleza kwa kirefu jinsi alivyofukuzwa kituoni, jinsi Mama Mkasi alivyofukuzwa mbele yake, jinsi Mzee wa Mashine alivyokataa kuondoka mpaka askari akamshika mkono na kumsindikiza kwa upole. Kisha akaninyooshea mimi kidole akasema huyu ndiye Kura Kumi mwenyewe, mtaa mzima unamjua.

Kumbe tulifukuzwa sote wanne.

Bosi alikaa juu ya boksi la fulana. Midomo ikawa inacheza, anapiga hesabu. Sare. Kura nne. Wafanyakazi wake mwenyewe, wanaokula kwake, wanaomsifu asubuhi na jioni.

"Nilikuwa nimeshinda," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeshinda, na wino wangu mwenyewe ukanipokonya."

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Huruma ya dakika moja hivi.

Kuanzia hapo Bosi akabadilika. Yule mtu ambaye uchaguzi wa nyuma alitukatalia ruhusa ya kwenda kujiandikisha, akisema kujiandikisha hakuleti oda, sasa akawa mtetezi wa haki za wanyonge. Akaandika barua ofisi ya uchaguzi akitaka sheria ifuatwe neno kwa neno. Akaenda redioni.

Tulimsikiliza wote karakanani. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa uchungu. Alisema kura ya mnyonge ni siri kati yake na Mungu wake, na atakayemzuia mwananchi kupiga kura amemzuia kupumua. Mama Mkasi alitoa kitambaa akajifuta macho. Mimi nilikuwa najiuliza huyu ni Bosi gani na yule wa mtaro amekwenda wapi.

Kisha akaagiza bango. Mikono yangu miwili, vidole vimenyooshwa, na chini yake maandishi: "Mikono Hii Ilinyimwa Haki". Nani alichapa bango? Mimi. Nilichapa mikono yangu kwa mikono yangu.

Safari hii kwa glovu. Alizinunua mwenyewe, jozi nzuri za mpira mzito, akatuvalisha mmoja mmoja. Hisia za kazi tukaambiwa tuachane nazo.

Wiki ya mwisho alifunga karakana kabisa, tukalipwa kwa kukaa. Kazi yetu ikawa kunawa. Alileta ndimu, akaleta mafuta ya taa, akaleta sabuni za kila aina, na kila asubuhi anapita nyumbani kwa kila mmoja kukagua kucha. Mke wangu akaniambia katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuniona nimetakata hivi, na kama angejua angegombea yeye.

Zambarau ikaisha. Ofisi ya uchaguzi nayo ikajibu barua: mwenye mikono ya kazi akaguliwe kwa daftari, na kama jina halina alama apewe karatasi yake.

Nilifurahi, lakini woga ulikuwa pale pale. Safari ya kwanza nilikuwa mtu mmoja kwenye foleni. Sasa nilikuwa mikono kwenye bango. Kata nzima inangoja nikampigie Bosi.

Na Bosi hakuacha jambo kwenye bahati.

Asubuhi ya marudio alitupakia ndani ya gari lake, sote wanne, amevaa suti. Tulipokaribia shule akazima injini akageuka nyuma.

"Mkishaweka alama," akasema, "kila mmoja apige picha karatasi yake kwa simu. Siyo kwamba siwaamini. Ni kumbukumbu tu."

Nilimtazama Mzee wa Mashine, akawa anatazama dirishani. Mama Mkasi anatafuta kitu kwenye mkoba. Kimya akasema sawa Mheshimiwa, tena mara mbili.

Nilishuka nikiwa nimeshindwa tayari. Picha hiyo ingekuwa ama ya kumsaliti mama mkwe, ama ya kunifukuzisha kazi. Nikapanga uongo: simu imeisha chaji, kamera ina ukungu, mkono umetetemeka. Kila uongo niliuona umevaa nguo za kubana.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu. Kizibao kile kile, K ile ile iliyovuja. Mkononi ameshika ndoo tupu ya plastiki.

"Simu zote humu," akasema. "Hakuna kuingia nazo. Sheria."

Bosi alikuwa ametufuata kwa nyuma. Akamwambia Mwalimu awe na busara, hawa ni watu wazima, simu zina mambo ya kifamilia.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole ukutani, na pale ukutani palikuwa na barua imebandikwa kwa gundi pembe zote nne.

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyetuandikia tufuate sheria neno kwa neno. Maneno yote haya hapa. Na hili la simu limo ndani ya sheria hiyo hiyo."

Bosi akarudi garini.

Nikaidondosha simu yangu kwenye ndoo. Mtu yule niliyemchukia kwa unyoofu wake, siku ile nilitamani kumkumbatia kwa unyoofu huo huo.

Akalifungua daftari, jina langu halikuwa na alama. Akanitazama mikono, akakohoa kidogo.

"Ile mara ya kwanza," akasema bila kuinua macho, "nilikosea. Chukua karatasi yako."

Nikaingia nyuma ya kile kibanda cha maboksi. Peke yangu. Kalamu imefungwa kwa kamba.

Niliwaza yule mama alivyotoka mle mtaroni, maji yanamchuruzika, anajitahidi kushusha gauni asionekane miguu. Nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza.

Karani akachovya kidole changu kidogo kwenye kichupa. Maisha yangu yote nimepakwa wino na kazi. Ule wa kichupa ulikuwa wa kwanza kunipaka kama mtu.

Garini Bosi akatuuliza mambo yamekwendaje. Mmoja mmoja tukajibu salama Mheshimiwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jioni wakabandika.

Nesi ameshinda. Kwa kura nne.

Mke wangu alipiga kigelegele akakikatiza katikati, akakumbuka mimi ni mfanyakazi wa nani. Mama mkwe akasema tu, "Haya," akaegemeza fimbo. Na mimi furaha ilichanganyika na baridi. Kura nne. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuzihesabu. Mwanzo sare, sasa wameongezeka wanne, na pengo ni nne.

Bosi atatushuku sote wanne, na mwenye hatia ni mimi. Nilijua nimekwisha.

Kesho yake nilikwenda kazini kama anayekwenda kumzika mtu, na maiti ni mimi. Wenzangu walikuwa wameshafika, wamekaa wameinama. Nikajua wananililia, maana bila shaka wameshajua ni nani.

Bosi akaingia. Akatutazama wote. Mkononi ameshika bahasha, nikajua ni barua ya kunifukuza kazi.

Akaanza kusema. Alisema siasa ni mchezo mchafu. Alisema mtaa umemsaliti, majirani wamemsaliti, hata ndugu zake wa damu anawashuku.

"Lakini nyinyi," akasema, na machozi yakawa yanamlengalenga. "Nyinyi wanne. Nimepiga hesabu usiku kucha. Bila nyinyi ningeshindwa kwa kura nane."

Akaiweka bahasha mezani. Ilikuwa pesa ya kutushukuru. Akatoka nje kwa sababu hakutaka tumwone analia.

Tukabaki.

Nilikuwa natazama miguu yangu, naogopa kuwatazama watu waaminifu ambao nimewaangusha.

Mama Mkasi ndiye aliyeanza. Alishusha mkasi mezani akasema polepole, "Hizo nne za Bosi... yangu aitoe."

Niliinua kichwa.

Mzee wa Mashine, miaka yote ile na Bosi, mtu niliyeamini angemfuata mpaka kaburini, akakuna ndevu. "Na yangu," akasema. "Kaka yangu anakaa ng'ambo ya ule mtaro."

Mimi nikasema, "Na yangu."

Tukageuka wote kumtazama Kimya.

Kimya hakusema neno. Ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho kumwona akilitendea haki jina lake. Aliinua kidole chake kidogo, chenye wino, akakitikisa taratibu.

Tulicheka mpaka Mama Mkasi akashika ukuta. Tulikuwa tumeogopana muda wote ule, kila mmoja akimsifu Bosi kwa nguvu ili wenzake wasimshuku.

Usidhani hadithi imeishia peponi. Nesi ameanza kuufunika mtaro kuanzia upande wa juu wa mtaa. Zilipobaki nyumba tatu kufika kwangu, saruji ikaisha. Nilikwenda ofisini kwake na mama mkwe na fimbo yake. Nikamwambia, "Diwani, kile kidole bado ninacho." Akacheka, ila aliandika tarehe ya kumalizia, na siku hizi mama mkwe ndiye anayeniamsha kuniuliza tarehe imefika.

Bosi naye ametangaza atagombea tena. Anasema safari hii haanzi na sifuri, ana kura nne za uhakika. Juzi ameniletea glovu mpya bila kuombwa.

Na mimi nimejifunza hivi, chukua ukitaka. Mtu akinyimwa haki yake ya kupiga kura, simama umpiganie, hata kama wewe ni Bosi. Piga kelele redioni, andika barua, nunua ndimu.

Mpiganie. Ila usimhesabu.